Vimeng'enya, uvimbe wa ubongo na usonji: kipi kimeonekana maabara, kipi kinauzwa mtaani

Fundi_Maabara

Wakuu, salaam. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, kuanzia Kampala hadi Mbale, kuna ujumbe unazunguka: "Wanasayansi wamegundua kimeng'enya kinacholeta usonji. Ubongo wa mwanao unawaka ndani kwa ndani. Dawa ya enzaimu imeshaingia Uganda, chupa zimebaki chache." Chini yake kuna namba ya kutuma pesa. Nimeulizwa na wengi hadi nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana nafungua uzi.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Jinja, si daktari wa watoto. Ila vimeng'enya, yaani enzaimu, protini zinazoendesha kemia ya mwili, ni kazi yangu ya kila siku, na kwenye ukoo wetu tuna mtoto mwenye usonji (autism), kwa hiyo habari hizi nazifuatilia. Asiyependa kusoma marefu achukue hili aondoke nalo: ujumbe huo umeokota habari ya kweli ya maabara ukaibandika kwenye chupa isiyohusiana nayo. Kimeng'enya kilichoandikwa na watafiti kimo ndani ya seli za ubongo, na wao walikuwa wanatafuta namna ya kukizuia. Mnachouziwa ni vimeng'enya vya kusaga chakula tumboni, na mnaambiwa mtoto aongezewe.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 2019 jarida la PNAS la Marekani lilichapisha kazi ya kundi la Kenji Hashimoto wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, wakishirikiana na Bruce Hammock wa California. Walichukua panya wenye mimba wakawachoma sindano ya poly(I:C), kemikali inayoudanganya mwili kwamba umevamiwa na virusi. Kirusi hakuna, ila kinga ya mama inapanda kana kwamba kipo. Watoto wa panya hao wakikua, hawachangamani na wenzao na kumbukumbu yao ni dhaifu. Ndani ya ubongo wao kulikutwa kimeng'enya kiitwacho epoksaidi haidrolesi, kwa kifupi sEH, kimezidi kiwango.

Kazi ya sEH ni ipi? Kutokana na mafuta ya chakula, kama yale ya samaki, mwili hutengeneza vijimolekuli vinavyotuliza uvimbe (inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuchachamaa). sEH huvibadili vikawa kitu kingine kisicho na nguvu hiyo. Kikizidi, vituliza uvimbe vinakwisha upesi. Watafiti walipowapa panya wale wadogo kemikali ya kukizuia, iitwayo TPPU, matatizo yale hayakujitokeza. Walipompa mama akiwa bado na mimba, matokeo yalikuwa mazuri pia. Kisha wakapima sampuli za ubongo wa watu wenye usonji waliokwisha kufariki, wakakuta jeni ya kimeng'enya hicho, EPHX2, inafanya kazi kuliko kawaida.

Kwa wanaopenda visa vya sayansi: Hammock huyo hakuanza na binadamu wala panya. Alianza na wadudu, akitaka kujua namna homoni inayomzuia kiwavi asikomae haraka inavyovunjwa mwilini mwake. Swali la kiwavi ndilo lililompeleka kwenye kimeng'enya cha wanyama wenye damu ya moto.

Kazi nzuri sana. Lakini ni ya panya, pamoja na sampuli chache za maiti. TPPU haijaidhinishwa popote kuwa dawa ya usonji. Dawa za ukoo wake zimeanza kujaribiwa kwa watu, tena kwa maumivu ya neva, si kwa hili tunalozungumza.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

MtuWaBusia

Weka mambo, Fundi. Naketi hapa na chai yangu ya rangi, nisiondoke.

Mama_Shadia

Asante sana mwanangu. Mimi niko Bombo. Kijana wangu ana miaka sita, haongei ila maneno mawili matatu. Aliyeniuzia chupa aliniambia ubongo wake umevimba. Nikaogopa, nikaenda hospitali moja Kampala wakampiga picha ya kichwa, pesa nyingi, wakaniambia ubongo uko sawa kabisa. Sasa huo uvimbe uko wapi? Nani ananidanganya hapa, wa chupa au wa picha?

Fundi_Maabara

Mama Shadia, shikamoo. Wa picha hajakudanganya. Uvimbe ninaousema hauonekani kwenye picha ya kawaida ya kichwa. Si jipu, si maji yaliyojaa kichwani, si saratani. Ni hali ya seli kuwa macho kupita kiasi, jambo linaloonekana kwa darubini, kwa vipimo vya protini au kwa picha maalumu za utafiti.

Hoja hii ya uvimbe ilianza kupata nguvu mwaka 2005. Kundi la Johns Hopkins huko Marekani, Diana Vargas na Carlos Pardo wakiwamo, lilichunguza ubongo wa watu 11 waliokuwa na usonji, baada ya kufa kwao, na maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa 6 waliokuwa hai. Walikuta seli ziitwazo mikroglia na astrosaiti zimechachamaa, hasa kwenye ubongo mdogo ule wa kisogoni. Protini za uvimbe, kama ile iitwayo MCP-1, zilikuwa juu. Tangu hapo maneno "uvimbe wa ubongo" na "usonji" yamekuwa yakitembea pamoja.

Sasa mikroglia ni nini, maana ndipo wengi wanapopotezwa. Hizi ni seli za kinga zinazokaa ndani ya ubongo. Zinakula vijidudu na kuzoa takataka, sawa. Lakini zina kazi nyingine ambayo muuzaji hakuambii: mtoto anapokua, ubongo wake huota viungo vingi mno kati ya seli na seli, sinapsi, kuliko vinavyohitajika, na mikroglia ndizo zinazopunguza. Ni kama mkulima wa matooke anavyong'oa machipukizi ili mgomba mama uzae vizuri. Asipopunguza, shamba linasongamana. Akipunguza ovyo, shamba linakufa. Mwaka 2014 watafiti wa New York walihesabu viungo hivyo kwenye ubongo wa vijana wenye usonji waliofariki, wakakuta ni vingi kuliko kwa wenzao, yaani upunguzaji ulikuwa haba. Kwa hiyo ukisema "tuzime mikroglia" inabidi ujiulize unazima zimamoto au mkulima.

Na kuna swali gumu zaidi: kipi kilianza? Mwaka 2011 kundi la Daniel Geschwind wa UCLA, chuo kikuu cha Marekani, lilipima jeni kwenye ubongo wa watu 19 wenye usonji na 17 wasio nao. Jeni za sinapsi zilikuwa zimefifia, jeni za kinga na mikroglia zimepanda. Lakini walipotafuta kasoro za kurithi zinazohusishwa na usonji, walizikuta kwenye lile kundi la sinapsi, si kwenye kundi la kinga. Tafsiri yangu ni kwamba kwa wengi uvimbe ni wa pili, ubongo unaitikia jambo lililoanza mapema zaidi. Wapo wasiokubali, na wana hoja.

Hata kwa watu walio hai picha haijatulia. Kuna kipimo cha PET kinachotumia dawa yenye mnururisho kuonyesha seli hizo zilizochachamaa. Japani mwaka 2013 waliwapima wanaume 20 wenye usonji, wakakuta ishara imepanda. Boston mwaka 2021 wakawapima vijana wa kiume kwa dawa nyingine ya aina hiyo, wakakuta ishara imeshuka. Mmoja anasema juu, mwingine chini, na wote ni watu makini. Mtu anayekwambia kwa simu kwamba ubongo wa mwanao umevimba amejuaje?

Mama_Shadia

Marahaba. Nimeelewa. Kumbe alikuwa ananitisha tu.

MusawoGulu

Fundi, hongera kwa uzi, ila nakupinga kidogo. Mimi ni ofisa tabibu huku kaskazini. Ukisoma maandishi yako mtu anaweza kudhani uvimbe wa ubongo ni hadithi za Wajapani na panya. Sisi tunauona kwa macho.

Mmesahau ugonjwa wa kutikisa kichwa? Kitgum, Pader, Lamwo. Watoto waliokuwa wazima walianza kuangusha kichwa kila wakiona chakula, kifafa kikafuata, akili ikarudi nyuma. Mwaka 2017 watafiti waliandika kwamba kingamwili ambazo mwili unatengeneza kupigana na minyoo ya usubi huenda zinageuka na kushambulia protini ya neva iitwayo leiomodin-1. Yaani kinga ya mtoto inamkosea adui. Haujawa usonji, najua. Lakini ni somo letu wenyewe la jinsi maambukizi, kinga na ubongo vinavyoweza kugongana.

Na malaria ya ubongo je? Utafiti uliofanywa hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watoto walionusurika, na baada ya miaka miwili kama robo yao walikuwa na upungufu wa uwezo wa akili. Tanzania nao mwaka 2006 waliripoti watoto wachache ambao dalili za usonji zilianza baada tu ya malaria kali. Kwa hiyo mzazi wa huku akisema "mwanangu alibadilika baada ya homa," mimi simcheki.

Fundi_Maabara

Musawo, hapo umeongea, na sikupingi sana. Mtoto aliyekuwa anaongea, akaugua, akapoteza maneno, huyo anahitaji kuchunguzwa upesi kwa sababu kuna magonjwa ya uvimbe wa ubongo yanayotibika. Wauzaji wanachanganya kundi hilo dogo na watoto wote wenye usonji. Wengi hawakuwahi kupata malaria ya ubongo. Dalili zao zilianza taratibu, mama mwenyewe hawezi kusema ni lini.

Kuhusu kutikisa kichwa, nyongeza moja. Mwaka 2018 walipofungua ubongo wa watoto wachache wa huko kwenu waliofariki, walikuta protini iitwayo tau imerundikana, jambo linaloelekeza kwenye ugonjwa wa ubongo kuchakaa. Hoja ya kingamwili bado ipo mezani, lakini haiko peke yake.

MusawoGulu

Sawa kabisa. Tau naijua. Tuendelee.

Jemedari_Mstaafu

Vijana, mnazunguka mbuyu. Sisi wazee tunajua. Hizi chanjo ndizo zilizoleta. Zamani hatukuwa na huo usonji wenu.

Fundi_Maabara

Mzee wangu, heshima kwako. Ile habari ya chanjo ilitoka kwenye andiko la mwaka 1998 la watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha, The Lancet, liliifuta mwaka 2010. Wadenmark wakafuatilia watoto zaidi ya laki sita, majibu yakatoka 2019: waliochanjwa surua na wasiochanjwa, hakuna tofauti ya usonji. Sehemu kubwa ni ya kurithi. Utafiti wa nchi tano wa mwaka huohuo ulikadiria karibu asilimia 80. Na zamani walikuwapo, Mzee. Waliitwa majina mengine, au walifichwa nyuma ya nyumba.

Jemedari_Mstaafu

Hilo la kufichwa ni kweli. Kuna mtoto wa jirani yetu enzi hizo, tulimwona siku ya mazishi yake tu.

MtuWaBusia

Fundi, swali la mlevi. Kama ni uvimbe, si tuwape dawa za uvimbe? Brufen zipo kila duka, na predinisoloni unaipata bila karatasi ya daktari.

Fundi_Maabara

Si swali la kilevi, waliliuliza hata maprofesa. Pardo yuleyule wa 2005 alijaribu minosaiklini, dawa ya viuavijasumu inayotuliza mikroglia, kwa watoto 11 wenye usonji waliokuwa wamepoteza uwezo waliokwisha kuupata. Walimeza miezi sita. Matokeo yalitoka 2013: tabia hazikubadilika cha kutajwa. Hilo jaribio lilikuwa dogo na halikuwa na kundi la kulinganisha, ila aliyeamini sana nadharia hiyo ndiye aliyelifanya, na alisema wazi kwamba halikusaidia.

Predinisoloni usiguse. Kwa nchi yenye kifua kikuu kama yetu, kumpa mtoto steroidi kiholela ni kumfungulia mlango mdudu aliyelala. Mwezi wa kwanza anavimba uso, baadaye hakui. Kuna magonjwa ambayo daktari wa neva huitumia kwa makusudi na kwa vipimo. Kuinunua dukani kwa ajili ya usonji hapana.

Mama_Shadia

Jamani, hili nimekuwa nalificha nikiogopa kuchekwa. Mwanangu akishikwa na homa anabadilika. Anatulia, anakuja mwenyewe kwenye mapaja yangu, ananitazama usoni, safari moja aliniita "mama" vizuri kabisa. Homa ikiisha, anarudi kulekule. Mama mkwe anasema ni mizimu inaondoka kidogo inarudi. Mimi sijui niseme nini.

BintiMbarara

Mama Shadia, umenitoa machozi. Wa dada yangu hivyohivyo! Nilidhani ni sisi tu.

Fundi_Maabara

Mama, hakuna wa kukucheka. Hili linajulikana na limeandikwa. Mwaka 2007 jarida la Pediatrics lilitoa utafiti wa watoto 30 wenye usonji, wazazi wakajaza fomu mtoto akiwa na homa na homa ilipoisha. Wengi walionyesha nafuu wakati wa homa: kurusharusha mikono kulipungua, hasira zilipungua, mazungumzo yaliongezeka kidogo. Na haikuwa kwamba wamelegea tu kwa ugonjwa, kwa sababu hata waliokuwa na homa ndogo walibadilika.

Mwaka 2020 kundi la Gloria Choi wa MIT na Jun Huh wa Harvard lilikuja na maelezo yanayowezekana, kwa panya tena. Kuna protini ya kinga iitwayo IL-17a. Mwaka 2016 walikuwa wameonyesha kwamba ikizidi kwa mama mwenye mimba, ubongo wa mtoto unajengeka vibaya. Sasa wakakuta kwamba kwa mtoto huyohuyo akishakua, IL-17a ikipanda kwa muda inatuliza sehemu fulani ya ubongo iliyokuwa inafanya kazi kupita kiasi, naye anachangamana na wenzake. Yaani kitu kilekile cha uvimbe kinaharibu kabla ya kuzaliwa na kinasaidia baadaye. Mimi hapa ndipo nilipoacha kabisa kusema "uvimbe ni mbaya" kwa neno moja.

Ila Mama, nakuomba kwa herufi kubwa: HOMA NI HOMA. Uganda homa inaweza kuwa malaria, na malaria haingoji. Mtoto akichemka mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, hata kama anakuita mama.

MusawoGulu

Naunga mkono kwa mikono miwili. Nimewahi kupokea mtoto aliyecheleweshwa kwa sababu "anaonekana ametulia." Hakuwa ametulia, alikuwa anazimika.

BintiMbarara

Haya Fundi, mimi sasa nakuja na upande wa vimeng'enya vya tumbo maana umevipiga teke haraka. Binamu yangu yuko London, mwanawe ana usonji, anampa vidonge vya enzaimu na amemtoa kwenye ngano na maziwa. Anasema kinyesi kimekuwa kizuri na mtoto analala. Na kuna utafiti wa Misri ulioonyesha nafuu. Huu nao ni uongo?

Fundi_Maabara

Si uongo, dada. Utafiti wa Misri upo, ulifanyika Assiut, ukatoka 2015 ukiwa na watoto 101. Walipewa sharubati ya vimeng'enya viwili, papaini na pepsini, kwa miezi mitatu, wengine wakapewa dawa bandia (isiyo na kitu ndani, ya kulinganisha tu), na waandishi wakaripoti nafuu ya tabia na tumbo. Lakini Australia walikuwa wameshafanya wa kwao, 2010, watoto 43 wa miaka 3 hadi 8, miezi sita, kila mtoto akipitia dawa halisi na dawa bandia bila mzazi kujua ipi ni ipi. Hakuna tofauti ya maana iliyoonekana, ila kidogo kwenye aina za vyakula walivyokubali kula. Mmoja ndiyo, mmoja hapana. Kwa hali hiyo huwezi kuandika kwenye chupa "tiba."

Nadharia ya nyuma yake ilianzia 1979 kwa Jaak Panksepp, aliyehusisha usonji na kemikali za mwili zinazofanana na kasumba; wengine baadaye wakaongeza kwamba eti protini za ngano na maziwa zisiposagwa vizuri hubaki vipande vinavyofanana na kasumba, vinapenya utumbo, vinafika kichwani. Vimeng'enya vinauzwa kwa ahadi ya kuvimaliza vipande hivyo.

Mimi nina hoja yangu ya kienyeji, nipingeni. Mtoto wa kijijini Busoga anakula nini? Matooke, posho (ugali), viazi vitamu, maharage, mukene (dagaa). Ngano anaiona sikukuu, au siku baba akirudi na rolex (chapati ya mayai). Kama ngano ndiyo ingekuwa mzizi, usonji ungekuwa ugonjwa wa mjini tu. Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichapisha mwaka 2014 kazi yao ya kuwachunguza watoto 1169 wa miaka 2 hadi 9, Kampala na Wakiso, mjini na kijijini, na watoto wenye usonji walipatikana.

Lakini tumbo lenyewe tusilidharau. Watoto hawa wengi wana choo kigumu, gesi, maumivu wasiyoweza kuyasema. Mtoto anayeumwa tumbo na hana maneno atajipiga kichwa ukutani. Tibu tumbo, tabia itapungua makali, na huenda ndicho kilichotokea kwa binamu yako. Usonji haujaondoka, maumivu ndiyo yameondoka. Hiyo ni faida kubwa, lakini haihitaji chupa ya bei ya karo ya muhula.

BintiMbarara

Hapo kwenye karo umenipata. Sisi huku Mbarara kwenye maziwa ndipo pangekuwa na kesi! Tunayanywa kama maji.

MtuWaBusia

Ina maana hakuna kimeng'enya hata kimoja ambacho kweli kinaleta usonji?

Fundi_Maabara

Vipo, na vinafurahisha akili kuliko hivyo vya chupa.

Mwaka 1934 mama mmoja wa Norway alimpeleka kwa Asbjørn Følling watoto wake wawili waliokuwa na ulemavu wa akili na harufu ya ajabu ya mkojo. Følling, daktari aliyekuwa pia mkemia, aliweka kemikali kwenye mkojo ukageuka kijani. Kilichokuwa kimekosekana ni kimeng'enya cha ini kinachobadilisha asidi amino iitwayo fenilalanini. Isipobadilishwa hujaa kwenye damu na kuharibu ubongo unaokua. Ugonjwa huo ni fenilketonuria. Watoto wengi wasiotibiwa walikuwa na tabia za usonji waziwazi. Miaka ya 1960 Robert Guthrie akaleta kipimo cha tone la damu la kisigino, mtoto anawekwa kwenye chakula maalumu mapema, na anakua vizuri. Huo ndio ushahidi unavyoonekana: kimeng'enya kinajulikana, kipimo kipo, matibabu yanabadilisha maisha. Kwetu Waafrika ni ugonjwa wa nadra.

Mwingine: 2012 jarida la Science lilieleza familia chache, wazazi wakiwa ndugu wa damu, ambamo watoto wenye usonji na kifafa walikuwa na hitilafu ya jeni ya BCKDK. Hicho ni kimeng'enya kinachozuia asidi amino fulani zisichomwe haraka. Kikikosekana, zinakwisha mwilini. Panya wenye hitilafu hiyo walipolishwa asidi hizo kwa wingi, dalili zao zilipungua. Kisha kuna UBE3A, kinachoweka alama kwenye protini zinazotakiwa kuvunjwa. Kipande cha kromosomu 15 chenye jeni yake kikirudufiwa, usonji ni wa mara kwa mara.

Mnaona mtindo? Kila kimoja kinaeleza familia chache. Usonji ni njia nyingi zinazofika mji mmoja, na anayesema amepata kimeng'enya "cha usonji," kimoja kwa wote, hajasoma hata hizo karatasi anazozitaja.

Mwalimu_Arua

Nimesoma kimya tangu juu. Mimi nafundisha watoto hawa. Naomba niseme jambo lisilopendeza: mnaongea kuhusu chembe, moto, uvimbe, hitilafu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anataka nini. Mwanafunzi wangu mmoja, sasa kijana, anachora ramani ya njia zote za boda za Arua bila kutazama popote. Akisoma "ubongo wa mwenye usonji unaungua" atajionaje? Wazazi wanasikia "ugonjwa wa ubongo," wanamfungia ndani wakisubiri dawa ishuke kutoka Japani. Miaka ya kujifunza inapita.

Fundi_Maabara

Mwalimu, nakubali nusu. Kuna watu wazima wenye usonji wanaosema wazi hawataki "kuponywa," na nawaheshimu. Lakini yupo pia mtoto wa degedege kila wiki, asiyelala, anayejing'ata mikono mpaka damu. Kwa huyo, utafiti wa uvimbe na vimeng'enya si tusi. Akipatikana mmoja kati ya mia mwenye hitilafu inayotibika kama ile ya Følling, sitaki tuwe tumemkosa kwa kuogopa maneno.

Mwalimu_Arua

Huyo wa degedege nami namjua. Sawa. Basi andikeni pia hilo la pili: fedha za chupa zingefanya nini. Makerere wanafundisha wataalamu wa tiba ya matamshi tangu 2008, Kyambogo wanatoa walimu wa elimu maalumu. Ni wachache, lakini wapo. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi, ya kucheza na kuongea na mtoto nyumbani, ambayo hata asiye daktari anaweza kuyafundisha. Hayo hayatumiwi namba za kulipia kwenye WhatsApp.

MusawoGulu

Nami naongeza onyo. Mwaka 2019 vyombo vya habari viliripoti kwamba vijijini kwetu kulikuwa kunagawiwa "maji ya miujiza" yanayodaiwa kutibu malaria na UKIMWI. Yalikuwa klorini dioksidi, dawa kali ya kung'arisha inayotumika viwandani. Nje ya nchi kuna wazazi waliowanywesha watoto wenye usonji kitu hichohicho. Ukikuta chupa ya "kusafisha ubongo" yenye harufu ya klorini, usiionje.

Mama_Shadia

Yangu haina harufu hiyo, ina ya papai. Imeandikwa papaini, bromelaini na herufi nyingine ndogondogo siwezi kuzisoma. Nimempa nusu. Nikikatisha ghafla atapata madhara? Na nianzie wapi sasa?

Fundi_Maabara

Papaini ni ya papai kweli, bromelaini ya nanasi. Kuziacha ghafla hakuna shida. Kama alipata vidonda mdomoni au wekundu kuzunguka njia ya haja, acha leo. Chupa usiitupe, nenda nayo kwa daktari, azisome hizo herufi ndogo, maana vingine huchanganywa vitu visivyotajwa kwa mbele.

Pa kuanzia: masikio kwanza. Mtoto wa miaka sita mwenye maneno matatu lazima apimwe kusikia, na wengi hawajapimwa. Kisha mwambie daktari kama huwa anakodoa macho ghafla na kutosikia kwa sekunde kadhaa, au anashtuka usingizini, ili waamue kama anahitaji kipimo cha umeme wa ubongo. Mulago wana kliniki ya neva ya watoto. Mweleze na habari ya homa, usiifiche. Picha ya kichwa usirudie.

Mama_Shadia

Anakodoa. Nilidhani ni mawazo.

MusawoGulu

Mama, basi usingoje mwezi uishe. Akikodoa tena mrekodi kwa simu, hata video fupi, umwonyeshe daktari. Itamsaidia kuliko maelezo ya mdomo. Na uandike saa na alikuwa anafanya nini.

Mama_Shadia

Nitafanya hivyo, Musawo. Simu ya Shadia ina kamera nzuri.